Kiswahili Wanakitaka, Mswahili Hawamtaki

Kuna neno ambalo sisi watu wa mwambao tumelizoea hata halituchomi tena, nalo ni kuwa ati Waswahili hawapo. Kiswahili kipo. Kinasifiwa redioni na bungeni, na Katiba ya mwaka 2010 imekitaja kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lakini mwenyewe akijitokeza na kusema, "Mimi ni Mswahili," huulizwa: Mswahili kabila gani hilo? Na huko bara mara nyingi Mswahili ni jina la mtu mjanja, mwenye maneno mengi, asiyetimiza ahadi.

Ndugu msomaji, swali hili si la barazani tu. Mwaka 1971 mtaalamu wa Kimarekani, Carol Eastman, aliliandikia makala nzima akiuliza Waswahili ni nani. Miaka miwili baadaye Ibrahim Noor Shariff naye akaandika juu ya Waswahili na lugha yao, akiwasahihisha waliopotoka. Na miongoni mwa walioshikilia jambo hili kwa miaka mingi, hapana budi tumtaje Alamin Mazrui.

Alamin alizaliwa Mombasa mwaka 1948. Alisomea elimu ya lugha hadi akapata shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Stanford, akawa mwalimu katika Chuo cha Kenyatta. Mwaka 1981 tamthilia yake ya Kilio cha Haki ilitoka. Mwaka 1982 serikali ikamtia kizuizini bila ya kumfikisha mahakamani. Mashairi ya siku zile yalichapwa mwaka 1988 kwa jina la Chembe cha Moyo. Baadaye alihamia Marekani, akafundisha Ohio State na kisha Rutgers, na mwaka 1994 yeye na Shariff wakatoa kitabu kizima juu ya Waswahili, lugha yao na nafsi yao. Jina la kitabu chenyewe linawaita Waswahili watu wa Afrika.

Hapa patakuwa na mtu wa kucheka. Mazrui, naye azungumze Uswahili? Kwani huo si ukoo wa Oman? Waama, ni wa Oman. Walitawala Mombasa mpaka mwaka 1837 Seyyid Said alipowatoa, na baadhi yao wakaja kukaa Takaungu, hapa karibu na Mnarani. Lakini huyo anayecheka anapima kwa kipimo gani? Marekani walikuwa na desturi kwamba tone moja la damu nyeusi linamfanya mtu kuwa mweusi. Kwa Waarabu mtoto ni wa babake, hata mama awe wa rangi gani. Vipimo viwili hivyo vikimpima mtu mmoja, vitatoa watu wawili. Ndiyo sababu mtu wa kwetu anaweza kuwa na nasaba ya Oman, mama wa pwani na lugha ya Kiswahili, wala asione kwamba amejikana.

Aliyetia fitina ni karani wa kodi. Sheria ya kodi ya mwaka 1910 ilimhesabu Mswahili kuwa "mwenyeji", na Mwarabu kuwa "asiye mwenyeji", na kila jina lilikuwa na faida na hasara zake. Wenyeji wa Mombasa, wale Thenashara Taifa, wakapigania miaka mingi wahesabiwe pamoja na Waarabu, hadi wakakubaliwa mwaka 1952. Profesa Ahmed Idha Salim aliyaeleza hayo tangu miaka ya 1970. Serikali ilitia bei juu ya jina, watu wakaenda sokoni, kisha wakatukanwa kuwa ni vigeugeu!

Na magofu nayo yalipewa jina. James Kirkman, aliyechimba Gede, alikiita kitabu chake cha mwaka 1954 Mji wa Kiarabu wa Gedi. Ni huyo huyo aliyechimba misikiti na makaburi ya Mnarani, na kazi yake ya kuchimba ilikuwa nzuri. Lakini jina likishaandikwa kitabuni, mtoto wa shule akija kuutazama mnara wa kaburi na yale maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa katika mawe ya matumbawe, ataambiwa ni ya wageni.

Mwaka 2023 wataalamu, akiwamo Mkenya Chapurukha Kusimba, walitoa matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya watu 80, pamoja na waliozikwa Mtwapa. Kwa wengi wao, zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka kwa Waafrika, hasa wanawake, na asili ya Asia kwa sehemu kubwa ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi. Wazee waliotaja Shirazi hawakuwa waongo, wala bibi zetu hawakuwa wageni. Hata hivyo mifupa haisemi lugha. Aliyekuwa Mswahili hakuwa hivyo kwa damu peke yake, na hapo ndipo elimu ya akina Alamin inapohitajika.

Tena tusijisafishe. Mgiriama akisilimu tunamwita mhaji, na pengine wajukuu zake nao huitwa hivyo, kana kwamba Uislamu wao ni wa kuazima. Janet McIntosh, mwalimu wa chuo kikuu Marekani, aliandika kitabu mwaka 2009 juu ya mpaka huo baina ya Waswahili na Wagiriama wa Malindi. Si kitabu cha kutufurahisha. Tunayemlaumu karani wa Kiingereza, tumerithi kalamu yake.

Kinachoniuma ni kwamba kitabu cha mwaka 1994 kiliandikwa kwa Kiingereza na kuchapwa Marekani, na cha McIntosh vivyo hivyo. Mambo yetu yanasomeshwa Ohio na New Jersey, na ng'ambo ya hori kutoka Mnarani kuna Chuo Kikuu cha Pwani. Walimu wa Kiswahili wa hapo wangefasiri hata sura mbili za kitabu cha Alamin na Shariff, zikapelekwa kwa walimu wa shule za Kilifi na kwa wale wanaowatembeza wageni magofuni. Gharama yake si kubwa, na kazi yenyewe haihitaji ruhusa ya Nairobi.