Mkulima wa Ufipa asisubiri nguzo zisimame

WAFANYABIASHARA wa Sumbawanga wanaujua vyema umeme wa mashaka. Kwa miaka mingi mji huo, ukiwa nje ya gridi ya Taifa, ulitegemea majenereta na umeme ulionunuliwa Zambia kupitia laini ya kilovolti 66 kutoka Mbala. Kwa sababu hiyo, laini ya kilovolti 400 iliyopangwa kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga ni mradi wenye manufaa makubwa kwa Rukwa. Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola za Marekani milioni 455 mwaka 2018.

Hata hivyo, nguzo hazisimami hewani. Zinasimama katika mashamba, misitu na makaburi ya watu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi wa aina hii ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na kupitiwa na NEMC kabla ya ujenzi, na wananchi wasikilizwe.

Kwa bahati mbaya, wanakijiji wengi huona mkutano wa tathmini ni wa wataalamu. Wao husubiri siku ya fidia. Hilo ni kosa la kiuchumi. Njia ikiwa bado kwenye ramani, kuihamisha mita 100 ni gharama ndogo. Misingi ikishachimbwa, hakuna atakayeihamisha.

Chukua mfano wa mkulima mwenye ekari moja ya mikaratusi. Mthamini atahesabu miti iliyosimama. Lakini mikaratusi ikikatwa huchipua tena, na mwenyewe huvuna nguzo na kuni mara kadhaa. Chini ya nyaya hataruhusiwa kuotesha mti mrefu tena. Atabaki na maharage au mazao mengine mafupi. Fidia ya miti ya leo hailipi mavuno ya kesho. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Neno "kamili" lina uzito, nalo lisemwe mkutanoni.

Lipo pia suala la urithi. Katika nyanda za Ufipa yamesalia matanuru marefu ya udongo, malungu, ambamo Wafipa waliyeyusha chuma cha majembe kabla ya majembe ya dukani kuenea. Mengine yamo katikati ya mashamba. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu mwaka 1964, lakini mpimaji anayepita kwa siku mbili anaweza kudhani tanuru lililobomoka ni kichuguu. Mzee wa kijiji hawezi kukosea. Asipoitwa, urithi huo utasagwa na katapila.

Tathmini ya laini kuu ilishafanyika. Lakini umeme mkubwa ukifika, laini ndogo za kuusambaza na barabara za kuzihudumia hufuata, nazo zitapita vijijini. Serikali za vijiji zianze sasa kuorodhesha chemchemi, makaburi, malungu na mashamba ya miti. Orodha hiyo ipelekwe kwa ofisa mazingira wa halmashauri, na nakala ibaki kijijini.

Umeme unahitajika, tena kwa haraka. Anayedai kusikilizwa hapingi maendeleo. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo ndiye atakayerithi shamba.