Nyumba Isiyo na Mrithi

Ukiingia mitaa ya Ukunda, kaunti ya Kwale, nyuma ya barabara kuu inayotoka Likoni kwenda Lunga Lunga, bado utazikuta nyumba za Kiswahili kati ya maghorofa mapya. Ukumbi umepita katikati kutoka mlango wa mbele mpaka uani, vyumba vitatu huku na vitatu huku, baraza mbele, maji na choo nyuma. Mara nyingi chumba cha kwanza, kile chenye dirisha la barazani, ni cha mama mwenye nyumba, naye ni mtu mzima sana. Vyumba vilivyobaki amepangisha: mpishi wa hoteli ya Diani, kijana wa bodaboda, fundi cherehani na wanawe wawili. Kodi ndiyo pensheni yake. Wapangaji ndio masikio yake usiku. Asipofungua mlango mpaka saa mbili asubuhi, kuna mtu atabisha hodi.

Nyumba hiyo haikuchorwa kwa ajili ya wazee. Hata hivyo, kila nikisikia swali la makao ya wazee wa Kwale likijadiliwa, naona watu wanatafuta mbali kitu ambacho wamekipa mgongo. Kuna wanaotaka serikali ijenge vituo, kama Nyumba ya Wazee ya masista wa Little Sisters of the Poor kule Kasarani, Nairobi, au makao ya Sebleni na Welezo yanayotunzwa na Serikali ya Zanzibar. Wengine wanaona hiyo ni aibu: mzee ana wanawe, ana ukoo, na kwa Wadigo ana fuko, yaani ukoo wa upande wa mama yake; kumpeleka kituoni ni kumzika akiwa hai.

Hawa wa pili wangekuwa na haki yote kama boma la mzee lingekuwa salama kila mahali. Si salama. Kwa miaka mingi sasa, Kilifi na Kwale, wazee wamekuwa wakiuawa kwa kuitwa wachawi. Mvi imekuwa ushahidi, na wapo wanaume wanaopaka nywele rangi nyeusi ili wapite sokoni bila kutazamwa. Huko Ganze, kaunti ya Kilifi, Kaya Godoma imegeuka kimbilio la wazee waliotishwa na watu wa damu yao. Ukifuatilia chanzo cha tuhuma, mara nyingi uchawi ni kifuniko tu, na chini ya kifuniko kuna shamba. Mzee ndiye anayejua mpaka ulipopita, ndiye anayekataa kuuza, na akifa kuna atakayegawana.

Kwa hiyo swali la nyumba ya mzee wa Pwani haliwezi kuishia kwenye ramani ya vyumba. Lazima liulize: mzee huyu akifa, nani anafaidika? Mimi nasema makao yatakayomlinda ni yale ambayo kifo chake hakimpi mtu yeyote hata futi moja ya ardhi.

Tuanze na kuta hata hivyo, kwa sababu kuta nazo zina kazi. Katika wilaya ya Magu, mkoani Mwanza, Tanzania, ambako vikongwe wa Kisukuma wenye macho mekundu walikuwa wakiitwa wachawi na kukatwa mapanga, shirika la Maperece lilizungumza na waganga wa jadi na viongozi wa vijiji, lakini pia lilisaidia kujenga nyumba za vikongwe na kuleta majiko yenye moshi kidogo. Macho hayo yalikuwa mekundu kwa miaka mingi ya kupuliza kuni, si kwa uchawi. Jiko hilo likawa kinga ya uhai. Nani angeliweka hilo kwenye orodha ya mambo ya usalama? Huku kwetu bibi wengi wa Kinango na Lunga Lunga bado wanapika kwa mafiga matatu ndani ya kibanda kisicho na dirisha.

Moshi ukishatoka, angalia choo. Choo kilicho hatua hamsini kutoka mlangoni, gizani, kwa mtu mwenye goti bovu, ni hatari ya kila usiku, na safari hiyo ndiyo nafasi ya anayemvizia. Choo kiwe ndani ya ua, kiwe na cha kushika ukutani na mlango unaopitisha kiti cha magurudumu. Kizingiti kiondolewe. Na baraza isiachwe. Wajenzi wa siku hizi wanaikata ili kubana gharama au kupata nafasi ya gari, nao wanakata kitu ambacho hakuna mlinzi wa kulipwa anayekiweza: mzee anayeonekana kila siku, anayesalimiwa shikamoo na kila mtoto wa shule anayepita. Ni vigumu kumsingizia mtu ambaye mtaa mzima unajua alikuwa wapi jana.

Kuta zinahitaji watu ndani yake pia. Uholanzi, katika mji wa Deventer, makao ya Humanitas huwapa wanafunzi wa chuo vyumba bila kodi, nao hutoa saa thelathini kwa mwezi za kukaa na wazee. Sifa zake zimeenea duniani. Mama mwenye nyumba wa Ukunda amekuwa akifanya jambo linalofanana na hilo bila kusifiwa, tena yeye analipwa kodi.

Sasa ardhi. Chini ya Katiba ya 2010, mgeni hawezi kumiliki ardhi ya Kenya milele. Anapewa kipindi kisichozidi miaka 99. Wastaafu wa Ulaya waliotulia Diani wamejenga na wanaishi kwa masharti hayo. Kumbe haki ya kukaa inaweza kutengwa na umiliki wa milele, na mwanya huo tunaujua vizuri. Waislamu wa Pwani wanaujua tangu kale kwa jina la wakfu: mali iliyowekwa wakfu haiuzwi, haipewi mtu, hairithiwi. Sheria ya makamishna wa wakfu iliingia vitabuni mwaka 1951. Kinachozuia kiwanja cha wakfu Msambweni kubeba nyumba ya vyumba sita, vitatu vya wazee na vitatu vya wapangaji wanaolipia matengenezo, ni ukosefu wa nia tu. Wale wasio Waislamu, wakiwemo Waduruma wengi wa bara ya kaunti, wana Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, inayoiruhusu jamii iliyosajiliwa kutenga eneo la makazi.

Hapa kuna pingamizi ambalo sitaki kulipita haraka. Mzee akihamia kwenye nyumba hiyo, shamba lake alilofukuzwa linabaki mikononi mwa waliomfukuza. Tutakuwa tumewazawadia. Ndilo tatizo la kila kimbilio. Dawa ninayoiona ni kwamba siku mzee anapopokewa, ofisi ya ardhi iweke zuio juu ya hati yake, jambo ambalo sheria ya usajili wa ardhi ya 2012 inaliruhusu, ili pasiuzwe wala kuhamishwa chochote. Penye hatimiliki hilo linawezekana. Penye familia za maskwota, ambazo Kwale inazo nyingi, zuio halina pa kushika, na huko naamini kazi ya kupima na kusajili ardhi ndiyo sehemu ya kwanza ya kumjengea mzee nyumba, hata kabla ya mchanga kuletwa.

Kuhusu pesa, nitasema kidogo. Waliofika miaka 70 na kusajiliwa wana Sh2,000 za mpango wa serikali wa Inua Jamii kwa mwezi. Haijengi nyumba, lakini inalipa chakula cha mtu asiyedaiwa kodi. Wenye mishahara wanakatwa asilimia 1.5 kwa nyumba za bei nafuu, na zinazojengwa nyingi ni ghorofa zenye ngazi. Kifungu cha 57 cha Katiba kinaitaka dola imhakikishie mzee heshima na matunzo. Sehemu ya makato hayo ingeweza kujenga nyumba za chini, za vyumba sita sita, ndani ya mitaa ambayo wazee tayari wanajulikana, karibu na msikiti au kanisa, karibu na barabara inayofika hospitali ya rufaa ya Msambweni.

Na siku mzee anapokabidhiwa ufunguo, mkataba usomwe kwa sauti barazani, mbele ya chifu, imamu au mchungaji, majirani na watoto wake mwenyewe: chumba hiki ni chake mpaka mwisho wa uhai wake, na baada yake kitaingia mzee mwingine. Usomwe kwa Kidigo au Kiduruma ikibidi, hadi kila mjukuu aelewe.