Roho ya Paka Isitudanganye

Ng'ombe akikataa majani, daktari wa mifugo huitwa mbio. Paka akiugua, utasikia, "Aa, mwache tu, ati ana roho ya paka!" Mimi nalipinga jambo hilo.

Paka huficha maumivu. Kujikunyata kwake uvunguni si uvivu. Huenda ni ugonjwa. Akipitisha siku nzima bila kutia kitu kinywani, usingoje, maana njaa ya siku chache huweza kuharibu ini lake. Akihema mdomo wazi, mpeleke upesi. Na paka dume akichuchumaa mara kwa mara asitoe mkojo, jamani, hiyo si hali ya kusubiri kesho: huenda njia imeziba, naye aweza kufa kwa siku mbili tatu.

Tena usimpe Panadol! Kidonge kimoja tu cha binadamu chatosha kumwua.

Mtasema daktari ni ghali. Sawa, lakini ni nani anayelinda mahindi yetu ghalani dhidi ya panya mwaka mzima? Nawauliza, mlinzi huyo hastahili kutibiwa hata siku moja?