Kichomi Si Ugonjwa Mmoja: Kinachojificha Nyuma ya Maumivu ya Kifua Wakati wa Kukohoa

Mwananchi anayehisi kuchomwa ubavuni kila akohoapo husema ana kichomi, na mara nyingi hulitamka neno hilo katika duka la dawa kabla ya kufika zahanati. Hurejea nyumbani na vidonge bila kupimwa. Tatizo huanzia hapo, kwa kuwa jina hilo moja hubeba magonjwa yasiyofanana.

Mapafu yenyewe hayana neva za maumivu. Kinachouma ni utando uliotanda upande wa ndani wa kifua, misuli ya mbavu au ubavu wenyewe. Aliyekohoa kwa siku kadhaa huweza kuwa amechosha misuli tu. Homa kali pamoja na kupumua kwa shida huelekeza kwenye homa ya mapafu. Maumivu ya ghafla yenye kuhema, hususan kwa aliyejifungua au kufanyiwa upasuaji karibuni, yanaweza kutokana na donge la damu lililokwama katika mshipa wa mapafu. Huyo hapaswi kungoja kupambazuke.

Kwa Tanzania, hata hivyo, swali zito ni kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani huihesabu nchi hii miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Vimelea vinaposhambulia utando wa mapafu, mgonjwa huumia anapokohoa. Maji yakijaa kati ya tabaka zake, maumivu hupungua, naye hudhani amepona, ilhali ugonjwa unaendelea. Baadhi ya viuavijasumu navyo hutuliza dalili kwa muda na kuchelewesha utambuzi. Aidha, katika kifua kikuu cha utando, makohozi huweza yasionyeshe vimelea, hivyo picha ya eksirei au kipimo cha maji ya kifuani huhitajika.

Wachimbaji wa madini, wakiwamo wa Mirerani, wamo hatarini zaidi, kwani vumbi la mawe huharibu mapafu na kuurahisishia ugonjwa njia.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, kupungua uzito au makohozi yenye damu ni sababu tosha ya kupimwa. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, na tiba ya kawaida huchukua miezi 6.