Moshi wa Zebaki na Riziki ya Mchenjuaji

Duara, yaani shimo la wachimba dhahabu, linapoporomoka huko Geita na kuwafukia watu, habari huenea siku ile ile, wakubwa hufika, redio hutangaza, na umma mzima huingiwa na simanzi. Na ndivyo ipasavyo. Lakini iko hatari nyingine katika kazi hiyo hiyo ya dhahabu, isiyo na kishindo wala matanga, nayo huwaandama hata wachenjuaji wasiotia mguu shimoni kabisa, aghalabu wanawake, ambao huketi mwaloni, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, wakikanda kwa mikono mitupu zebaki na mchanga uliotoka karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe, kisha, dhahabu ikishanasa, huliweka donge lile juu ya makaa, pengine katika jiko lile lile la kupikia ugali, na watoto wako ubavuni.

Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu ya kumtahadharisha mtu. Huingia mapafuni, ukashika damu, ukapanda hadi ubongoni. Miaka ikipita mikono hutetemeka, kumbukumbu hupungua, usingizi huwa adimu, na mgonjwa, asijue kilichomsibu, huenda akadhani amerogwa. Ikifika majini, sumu hiyo huingia katika samaki, kama walivyokuja kutambua Wajapani wa mji wa Minamata, ambako ugonjwa wake uligunduliwa mwaka 1956. Nasi wenye Ziwa Victoria tusiisikilize habari hiyo kama hekaya ya ghaibuni.

Mkataba wenye jina la mji huo, uliopitishwa mwaka 2013, wazitaka nchi zikomeshe uchomaji wa wazi, na ule wa ndani ya makazi ya watu. Neno jema. Ila kwetu lawama humshukia mchenjuaji: haambiliki, hajasoma, hapendi glavu. Siioni insafu hapo. Zebaki haioti mwaloni. Huletwa, na mara nyingi mletaji ni yule yule mnunuzi wa dhahabu, anayeikopesha kwa sharti kwamba mali isiuzwe kwa mwingine. Huyo ndiye mwenye tijara. Chombo cha chuma chenye mfuniko na bomba, kiunasacho mvuke na kuurudisha kuwa zebaki ya kutumika tena, fundi yeyote hodari wa kuchomelea aweza kukiunda. Basi leseni ya kununua dhahabu isihuishwe kwa mtu asiyekiweka chombo hicho kwa matumizi ya kila amleteaye donge, na akipatikana akipokea dhahabu iliyochomwa jikoni, faini ilipwe na yeye, si na mama aliyeikanda.