Kadi ya grafiki si mahindi

 

Leo nina hasira kidogo. Kijana mmoja anayehariri video za harusi hapa Sumbawanga mjini kaniuliza kama akope pesa anunue kadi mpya ya grafiki, maana kompyuta yake inakwama kwama. Kabla sijajibu, kijiwe kizima kilishatoa hukumu. Kundi la kwanza: "Chukua iliyotoka mwaka huu, ndiyo yenyewe!" Kundi la pili: "Subiri, inakuja nyingine kali zaidi." Mimi nasema makundi yote mawili yanampoteza.

Huku Ufipa sote tunaujua mchezo wa mahindi. Anayeuza Julai, wakati kila mtu anauza, mara nyingi anapewa bei ya kutupa. Mwenye kuweka ghalani hadi Januari ndiye anayecheka. Sasa watu wamezoea kudhani kila kitu ni mahindi, ukisubiri tu umeshinda. Kadi ikikaa ghalani haipandi bei. Na ukisema usubiri inayofuata hutanunua maisha yako yote, kwa sababu inayofuata haiishi kuja. Jamani, "subiri" bila kusema hadi lini ni kukwepa swali.

Tuje kwenye hesabu. Nvidia walitoa GTX 1060 mwaka 2016. Februari 2021 ikaja RTX 3060 kwa dola 329, na Juni 2023 RTX 4060 kwa dola 299. Aliyekuwa na 3060 akaikimbilia 4060 alipata hatua fupi tu ya kasi, tena memori ya kadi ikashuka kutoka GB 12 hadi GB 8! Lakini aliyevumilia na 1060 yake hadi 2023 alipata kasi zaidi ya mara mbili, kwa kiasi kile kile cha umeme, kama wati 120. Wote wawili wamelipa bei moja. Ndiyo maana kanuni yangu ni hii: kama mpya haikupi walau mara mbili ya ulichonacho, katika kazi unayoifanya WEWE, tulia.

Mtaniambia soko nalo lina msimu wake. Kweli. Mwaka 2021 wachimbaji wa sarafu za kidijitali walizigombania kadi hadi bei zikawa kichaa. Septemba 2022 Ethereum ikaachana na uchimbaji, mitumba ikamwagika sokoni, na waliosubiri wakafaidi. Lakini mwishoni mwa 2025 vituo vya akili bandia vilizila memori, bei zake zikapaa, na aliyekuwa akisubiri unafuu akaumia. Oktoba mwaka huo huo Nvidia wakasitisha draiva za kawaida kwa kadi za GTX 10, wakabakiza za usalama tu. Kwa hiyo subira ina faida pale tu unapojua unasubiri nini.

Halafu hizo dola 299 ni bei ya Marekani. Ongeza usafiri, kodi, faida ya muuzaji wa Kariakoo, na basi la zaidi ya kilomita 1,100 kuja huku. Ikifika na ubovu, nani atairudisha? Na wengi wetu tunatumia kompyuta za mitumba zilizokuwa za maofisini Ulaya, ambazo nyingi pawa saplai yake haifiki wati 300 na haina hata waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Unanunua kadi, kisha pawa saplai, kisha stabilaiza kwa sababu ya umeme unaopanda na kushuka. Hapo bei ya kadi uliyoambiwa kijiweni imeshasahaulika.

Kwa hiyo pima kwanza. Kwenye geimu, punguza ukubwa wa picha. Kasi isipopanda, mchawi ni prosesa, na kadi mpya haitakusaidia. Kwenye kuhariri video, angalia kama memori ya kompyuta imejaa au diski inafanya kazi asilimia 100 huku kadi imelala.

Tulifanya hivyo kwa yule kijana. Kadi yake ilikuwa haijachoka hata kidogo. Kilichokuwa kinakwamisha ni diski ya zamani ile ya kuzunguka. Kanunua SSD kwa pesa ya harusi moja, hakukopa, na anakabidhi kazi kwa wakati. Siku kadi ikiwa ndiyo inamchelewesha, atanunua. Siku hiyo kazi itamwambia yenyewe, hatahitaji kijiwe.

Mnaomshauri kijana akope, mshaurini kwanza apime. Deni ni lake, nyie mnamaliza kahawa na kwenda zenu.

Nawasilisha. Mwenye kubisha aje na hesabu.