Simu Tunayo Mkononi, Sasa Tudai Saa ya Kusoma



Siku hizi kila upande tunaambiwa kwamba elimu imeshuka bei. Tunaambiwa kwamba mfanyakazi asiyejiendeleza ni mvivu tu, maana shule nzima imo ndani ya simu yake ya mkononi, na programu za kujifunzia hutolewa bure. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, na pia yana hila. Sisi wafanyakazi wa viwandani na wa mashamba makubwa ya miwa na chai yatupasa tuuchukue ule ukweli na kuikataa ile hila.

Tuanze na neno lenyewe, "bure". Hapa Uganda neno hili tumelizoea. Mwaka 1997 elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure, na mwaka 2007 ikafuata ya sekondari. Lilikuwa jambo jema, na watoto wengi wa wafanyakazi wasingaliingia darasani bila mpango huo. Lakini kila mzazi anajua kwamba nyuma ya neno bure zilikuja sare, madaftari na chakula cha mchana. Programu za simu ni vivyo hivyo. Programu haiuzwi, lakini kifurushi cha intaneti kinauzwa. Kuchaji simu mahali pasipo na umeme kunalipiwa. Na kitu kilicho ghali kuliko vyote, yaani muda, mfanyakazi amekwisha kumwuzia mwajiri tangu alfajiri.

Tulipata fundisho kubwa wakati wa korona. Shule zetu zilifungwa mwezi Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2022. Katika muda huo watoto waliokuwa na simu nzuri na intaneti nyumbani waliendelea na masomo. Wengi wa watoto wa vibarua walishika jembe. Je, watoto wetu walipungukiwa na akili? La hasha! Walipungukiwa na vifaa, na mtu wa kuwaelekeza.

Kisha, mwezi Julai 2021, kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyokuwa ikitozwa watumiaji wa mitandao ya kijamii tangu mwaka 2018 ilifutwa, na mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Sheria ilisema kwamba data ya huduma za elimu na za afya isitozwe ushuru huo. Vizuri. Lakini mchuma chai anaponunua kifurushi kidogo dukani, nani anamwuliza kama atasoma hesabu au atatazama mpira? Msamaha ulioandikwa katika sheria usipofika mfukoni mwa mnyonge, kwake yeye ni kama haupo.

Hata hivyo, hatusemi watu wazitupe simu zao. Kusema hivyo kungekuwa kujifungia mlango sisi wenyewe. Nani kati yetu hajaona mfanyakazi aliyeiendesha mashine kwa miaka mingi, akamfundisha kijana mgeni mwenye cheti, na baada ya mwaka mmoja kijana yule akawa msimamizi wake? Kosa si la kijana. Ujuzi wetu umo mikononi, haukuandikwa popote. Tena mashine zinaongezeka. Kwa jirani zetu wa Kericho, Kenya, mashine za kuchuma chai zilichomwa moto katika ghasia za mwezi Mei 2023, kwa uchungu wa watu waliopoteza kazi. Kusoma peke yake hakutaizuia mashine. Lakini mfanyakazi aliyesoma hujua kuuliza nani ataiendesha, nani ataitengeneza, na wenzake watalipwa nini.

Basi tuseme yale yanayofaa kufanywa.

Kwanza, tuchague programu ambazo mtu hupakua masomo yake mara moja, kisha akayatumia bila intaneti. Kiwix huiweka kamusi elezo ya Wikipedia ndani ya simu, pamoja na ile ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2003. African Storybook ina vitabu vya hadithi vya watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Luganda zikiwamo. Kolibri imetengenezwa makusudi kwa mahali pasipo na intaneti: kompyuta moja huyabeba masomo, na simu zilizo karibu nayo huyasoma bila kununua kifurushi. Hizi zote ni bure kweli, wala hazimtupii msomaji matangazo ya biashara. Programu mbili au tatu zinatosha. Mwenye programu ishirini hushinda akichagua, na saa yake inakwisha.

Pili, tujue namna ya kusoma. Wengi wetu tunasoma ukurasa mara tatu, tunaona tumeelewa, na juma linalofuata hatukumbuki kitu. Si ujinga huo, ndivyo kichwa cha binadamu kilivyo. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na mwaka 1885 akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tunayojifunza hupotea upesi, katika saa na siku za kwanza, tusipoyarudia. Dawa yake ni kufunga kitabu na kujiuliza maswali, tena kwa siku mbalimbali. Programu ya AnkiDroid hufanya kazi hiyo. Unaandika swali upande mmoja wa kadi na jibu upande wa pili. Ukikosea, kadi inarudi mapema; ukipata, inarudi baada ya siku kadhaa, kisha baada ya majuma. Anayejitayarisha kwa mtihani wa ufundi anaweza kuandika majina ya vipuri vya mashine yake kwa Kiingereza, kwa kuwa mara nyingi mtihani humjia kwa Kiingereza. Kadi kumi kwa siku zinatosha. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, tusisome tukiwa kwenye mashine. Simu na mashine inayozunguka havikai pamoja, na kidole kilichokatika hakirudishwi na cheti. Robo saa kabla ya zamu, au wakati wa chakula cha mchana, yafaa kuliko saa nzima ya usiku wa manane baada ya kusimama mchana kutwa.

Nne, tujihadhari. Programu ya masomo haihitaji namba yako ya siri ya pesa za simu, wala namba ya kitambulisho, wala orodha ya majina ya watu unaowapigia. Ikiomba vitu hivyo, ifute. Wahenga walisema rahisi ghali, na cha bure kina wenyewe.

Tano, na hili ndilo kubwa, tusisome mmoja mmoja. Mfanyakazi mmoja akinunua kifurushi na kupakua masomo, wenzake kumi waweza kuyapokea kutoka simu yake kwa Bluetooth bila kulipa senti. Kila tawi la chama liunde kikundi cha kusoma. Anayejua hesabu amweleze asiyejua, na aliyesahau kusoma asione haya. Wanawake wasiachwe nyuma. Mama anayerudi kutoka shambani akakutana na kuni, maji na watoto hana hata hiyo robo saa, isipokuwa sisi waume tuzishike kazi za nyumbani pamoja naye. Anayehubiri elimu tawini na kumwachia mkewe kila kitu nyumbani amesoma nusu tu.

Hayo ni yetu sisi. Lakini yapo yanayomhusu mwajiri na serikali, na hayo tusiyafiche nyuma ya simu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 iliweka saa 48 kuwa kikomo cha kazi kwa juma. Mahali ambapo mtu anafanya kazi zaidi ya hapo ili tu apate chakula, kumwambia apakue programu ni kumdhihaki. Mkataba namba 140 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1974, unahusu likizo ya masomo yenye malipo. Kenya iliuridhia mwaka 1979, na Tanzania mwaka 1983. Haki hiyo si ndoto, na inafaa kuwekwa mezani kila chama kinapokaa na mwajiri.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Saa za masomo katika juma, zenye malipo, kwa mfanyakazi aliyejiandikisha kusoma. Chumba chenye taa na mahali pa kuchaji simu katika kila kambi ya wafanyakazi. Kompyuta moja yenye masomo katika kila tawi. Na msamaha wa ushuru wa data ya elimu umfikie hata yule anayenunua kifurushi kidogo kabisa.

Mwajiri atasema gharama ni kubwa. Tumjibu kwamba mfanyakazi anayeelewa mashine huiharibu mara chache, na anayeweza kusoma maandishi ya hatari kwenye pipa la dawa haendi hospitali. Lakini hata kama faida hizo zisingekuwapo, bado tungedai. Mfanyakazi si mkono tu wa kukata miwa, ana kichwa pia, na kichwa hicho kina haki ya saa yake.

Shime, ndugu wafanyakazi! Simu tunayo. Masomo yamo. Tuitafute saa, na tuitafute kwa pamoja. Umoja ni nguvu.